Kumficha Meneja Asiliwe Krismasi

Sababu ya safari hii ilikuwa shingo ya Meneja. Meneja ni jogoo mwekundu ambaye mke wangu, Amoit, alimlea tangu kifaranga, na hulala jikoni kwetu Busia juu ya gunia lake mwenyewe. Desemba ilipofika, jirani yetu Wafula aliacha kumwita Meneja, akaanza kumwita Supu. Amoit akaniamuru nimpeleke kwa mama yake, kule Chakol, mbali na sufuria za mjini.

"Asifungwe miguu. Apewe maji. Asikae juani," alisema, akimfunika kwa leso kikapuni. "Na akipatwa na neno, Baba Neema, usirudi."

Busia, asubuhi. Mtu wa boda alinitazama, akatazama kikapu.

"Boss, hiyo jogoo iko na kilo ngapi?"

"Si ya kula. Naenda kuificha."

Alicheka mpaka pikipiki ikayumba. Njiani tulipita malori yaliyopanga foleni kuelekea Malaba. Meneja akatoa kichwa, akamwikia kila dereva, na kila dereva akauliza bei. Nilikasirika kweli. Mtu anakimbizwa kuokolewa, naye anajitangaza!

Chakol, kabla ya adhuhuri. Maelezo yangu nilikuwa nimeyapanga vizuri, lakini nilisahau jambo moja: mkwe akiingia ukweni na jogoo wakati wa Krismasi, hakuna anayengoja maelezo. Mama mkwe alipiga kigelegele. Sisi hatushikani mikono na mama mkwe, kwa hiyo alimshika jogoo.

"Sasa ndio Amoit ameolewa!" aliwaita majirani. "Miaka yote mkwe hajaniletea hata yai, leo ameleta jogoo mzima!"

Ulikuwa ukweli. Ningesemaje mbele ya watu kwamba hata huyo si wake? Nilipomaliza kupanga maneno upya, Meneja alikuwa ameshafungwa miguu kwa kamba ya katani, na maji yako motoni.

"Firigisi ni yako, mwanangu," mama akaniambia kwa upendo.

Nilitaka kulia. Nikamwona akilini Amoit mlangoni kwetu Busia, mikono kiunoni. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kuna desturi nyingine, nikasimama.

"Mama, naomba ruhusa. Nimeitwa nyumbani, lazima niende sasa hivi."

"Bila kula? Na uende mikono mitupu? Watu watasema nini?"

Alizunguka uani akitafuta kuku wa kunisindikiza. Kuku wake walikuwa wametawanyika kwenye mihogo, na kila alipomkaribia mmoja, wote walitimka. Aliyekuwa tayari amefungwa alikuwa mmoja tu.

"Pole mwanangu, chukua tu huyu."

Nilikataa kwa adabu. Mara moja tu.

Busia, jioni. Amoit alifunua leso.

"Mbona umerudi naye? Mama hakumpenda?"

"Alimpenda kupita kiasi."

Krismasi ilimkuta Meneja chumbani kwetu, mlango umefungwa, Wafula akibisha kututakia heri na kunusa. Nilichojifunza ni kwamba Desemba jogoo hafichwi kwa mtu anayekupenda.

Lakini mama mkwe alikuwa amebaki na maji ya moto bure, na jambo hilo liliniuma. Basi, sikukuu ikiwa haijaisha, nikanunua jogoo mwingine sokoni nimpelekee, wa kuliwa kweli.

"Huyu naye anaitwa nani?" Amoit akauliza, akimpapasa kichwa.

Nilimnyakua, nikakimbilia boda kabla hajampa jina.