Alifaulu, Nami Natakiwa Kusaini Kwamba Alianguka

Admin, nashukuru kwa kulisitiri jina langu. Ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe.

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, mkaaji wa Bulengera hapa Butembo, mume na baba wa watoto wawili. Naandika programu za kompyuta katika nyumba ya biashara yenye depo za mazao Butembo na Beni. Mwenye biashara hiyo ni parrain, yaani msimamizi, wa ndoa yangu. Alisimama nasi altareni, na mimi na mke wangu tukikosana, sebuleni kwake ndiko tunakopatanishwa. Nalisema hili mapema ili mjue ni kamba gani iliyonifunga.

Miezi michache iliyopita alitangaza nafasi moja ya mwandishi wa programu. Nilitunga maswali mafupi ya kupima ujuzi. Parrain aliyaweka kando, akawapa watahiniwa watatu mtihani wake: mmoja aandike sehemu ya programu inayohusu depo, wa pili sehemu ya malori, wa tatu sehemu ya ujumbe kwa wateja. Walipewa wiki mbili, kila mtu kwa mashine yake na umeme wa kujitafutia.

Sehemu ya depo ilimwangukia dada nitakayemwita Kavira, aliyetoka kijijini Alimbongo. Aliisoma karatasi, kisha akaniuliza, “Kaka, mbona hii teste iko na majina ya depo zenu za kweli?”

“Ni mfano tu,” nikajibu. Nilikwisha kushuku kwamba ni kazi halisi, na bado nilijibu hivyo, tena nikitabasamu.

Kazi aliyoirudisha ilikuwa bora kuliko yangu. Umeme ukikatika, hakuna kinachopotea. Na zaidi ya kilo na gunia, aliweka kopo, kwa sababu akina mama wa sokoni hupima maharagwe kwa kopo. Siku ya mahojiano, mbele yangu, Parrain alimsomea kutoka kwenye karatasi maswali ambayo yeye mwenyewe hakujua maana yake. Kila Kavira alipofungua kinywa, alimkatiza: “Hapana hivyo, mademoiselle.” Alimuaga kwa ahadi ya kumpigia simu.

Juma lililofuata, bila yeyote kuajiriwa, niliamriwa kuziunganisha sehemu zote tatu ziwe programu moja.

“Papa Parrain, lakini kazi ya Kavira inatembea bien, haina makosa,” nikasema.

“Inatembea? Donc iache itembee. Yeye abakie kwabo.” Akacheka hadi miwani yake ikaanguka.

Niliziunganisha. Nikatumwa Beni kuiweka programu hiyo. Mama Masika, mtunza depo, alipoliona neno kopo kwenye kioo alipiga makofi.

“Ee! Mutu mwenye alifanya hii anajua soko! Ni weye, fiston, mutoto yangu?”

Nikasema, “Ndiyo, mama.”

Wapendwa, hakuna aliyenilazimisha. Mama yule alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akawaita wabebaji waje wamwone “muinjinia wetu”. Nilikula chakula alichonipikia. Tangu siku ile najinusa kama mtu aliyelala na nguo za mwingine.

Sasa mshirika wa Parrain katika biashara anataka kuona kwamba mahojiano yalifuata taratibu. Ripoti imeandikwa tayari: hakuna mtahiniwa aliyefikia kiwango. Inasubiri sahihi yangu, kama shahidi wa mahojiano, Jumatatu. Nilipositasita, Parrain aliniwekea mkono begani. “Fiston, nilikushimamia mbele ya Mungu. Na weye unanikatalia kakaratasi?” Mke wangu, anayemwita baba, ananiambia nisaini tuishi kwa amani. Bila kazi hii, hata nyumba tunayolala, iliyo yake, tutaiacha.

Ningekwisha kukubali, ndugu zangu, kama si ujumbe wa Kavira ulioingia jana kwenye simu yangu:

“Yambo kaka. Hapana nalalamika. Nilitaka tu kujua nilikosea wapi, nisirudilie. Kama kazi hii siiwezi, uniambie kweli, nirudie shamba ya mama.”

Nimeandika jibu mara nne, na mara nne nimelifuta, kwa maana swali lake lina jibu moja tu: hukukosea popote, dada. Nikimtumia maneno hayo, Jumatatu siwezi kusaini. Nikisaini, nitakuwa nimemrudisha shambani kwa mkono wangu, huku Beni wakiendelea kunisifu kwa kopo lake.

Nyinyi msionijua, na kwa hiyo hamna sababu ya kunionea haya, nishaurini. Nifanye nini? Ameshaona kwamba nimeusoma ujumbe wake.