Kompyuta Kongwe Iulizwe Kwanza

Haya, sogeeni ndani, nyie mnaosimama mlangoni mnaniziba mwanga. Nawaambia jinsi kompyuta ilivyotaka kumkosesha binti yangu chuo, na mimi nikazeeka miaka kumi kati ya saa nane na saa kumi.

Ilikuwa Mbulu mjini, mkoa wetu wa Manyara bado mpya, mimi nina kibanda cha intaneti karibu na soko. Mtandao wangu ulikuwa wa taratibu mpaka mteja wa Endagikot anabonyeza, anakwenda kwake kukamua ng'ombe, anarudi, ukurasa ndiyo kwanza umefunguka nusu. Wote tukalaumu baridi.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ndiye aliyejua kuandika programu. Aliandika moja ya kutuma fomu za maombi ya vyuo. Siku hiyo fomu ya binti yangu, ya uuguzi, ilikuwa humo, na mwisho wa kupokelewa ni saa kumi jioni. Tukabonyeza. Programu ikasema jina la chuo halijulikani. Tukarudia. Halijulikani.

"Shemeji, chuo kimehama?" nikauliza.

"Hakijahama. Kompyuta haiendi kwa jina, inaenda kwa namba. Kuna kipande cha programu ndani ya mfumo, tunakiita maktaba, kazi yake ni kuuliza jina hili namba yake ngapi."

"Sasa si iulize."

"Inauliza."

"Inamwuliza nani, marehemu?"

Akafungua orodha ya mashine zinazoulizwa. Zilikuwa mbili, kongwe juu, mpya chini. Akanigeukia.

"Shemeji, nani alisema hii kongwe ikae juu?"

Mimi. Siku anaifunga ile mpya nilimwambia, kongwe ndiyo imeanza kazi hapa, iulizwe kwanza, mpya ingoje zamu yake. Kwetu humruki mkubwa ukaanza na mdogo. Kumbe kongwe iliacha kujibu tangu masika, imebaki kuwasha taa tu. Maktaba kwa adabu zake inaiuliza, inangoja sekunde tano nzima, ndipo inaigeukia mpya. Na programu ya shemeji ilikuwa na subira ya sekunde tatu. Inakata tamaa kabla mdogo hajaulizwa.

"Ungeniambia imekufa," akasema.

"Fundi ni wewe. Mimi niliona taa."

Akaifuta kongwe kwenye orodha. Tukabonyeza. Halijulikani. Nilitaka niibebe ile mashine mgongoni nikaitupe kutoka juu ya Mlima Hanang. Saa kumi kasoro dakika nane, shemeji anatoka jasho la kunyweshea ndama, na baridi yote ile ya Mbulu.

Mara akajipiga paji la uso. Maktaba inaisoma orodha mara moja tu, programu ikifunguliwa. Yetu ilikuwa wazi tangu asubuhi, bado inaisubiri kongwe. Akaifunga, akaifungua upya. Jina likapatikana kabla sijapepesa jicho, fomu ikaenda zikiwa zimebaki dakika tatu.

Binti yangu muda wote alikuwa kwenye benchi, macho kwenye saa ya ukutani. Nikaona nimweleze kama baba mwenye elimu yake.

"Unaona, mwanangu, shida ilikuwa ndogo. Anaulizwa mkubwa kwanza, mkubwa hajibu, wanamngoja yeye tu mpaka muda unakwisha."

Neno likamtoka: "Ndiyo maana sisi nyumbani tunaanza na mama."