Kafara ya Sambusa

Kwa miaka miwili nilisali juu ya kiti. Kilikuwa cha plastiki, cheupe, kama vile vya kukodi harusini, na katika chumba cha wanawake msikitini kwetu Buyenzi kila mtu alijua ni changu. Goti langu la kushoto lilikuwa limegoma kukunjika. Daktari alipolitazama hakulilaumu hata kidogo, aliulaumu mwili uliokuwa juu yake.

"Mama, goti hili linabeba watu wawili," alisema.

Nikamwambia nimezaa watoto watano. Akauliza wa mwisho ana umri gani. Nikasema miaka ishirini na mitatu. Hapo akaniandikia dawa ya presha, akaniambia nitembee.

Uzito wenyewe haukuniumiza. Mimi nauza vitenge, na kitenge kinataka mwili wa kukionyesha. Kilichoniumiza ni paji la uso. Najua kusali kwenye kiti kunakubaliwa, sheikh ametuambia mara nyingi, na simsemi anayekaa. Lakini wenzangu wakishuka kusujudu mimi nilibaki juu, nimeinamisha kichwa hewani, mbele yangu safu nzima ya visigino. Nikajua nani kapaka hina na nani hajasugua miguu tangu Idi. Huo ni ukaguzi, si ibada. Siku moja nilitoka msikitini nikalia nyuma ya duka, kwa sababu nilikuwa nimesahau harufu ya mkeka.

Basi nikaazimia. Ramadhani ilikuwa bado miezi mitano. Nilichukua kadibodi iliyotoka ndani ya jora la kitenge, nikaandika kwa kalamu nene: Jumamosi kupanda mlima wa Gihosha kwa miguu. Kusujudu chini kabla Ramadhani haijaisha. Kutomjibu wifi. Hilo la tatu lilikuwa kwa ajili ya afya ya akili yangu, na nilijua ndilo zito kuliko yote.

Wifi yangu ni mdogo wake mume wangu, na ni mshonaji. Cherehani yake iko kwenye baraza la duka langu, hivyo neno lolote ninalomwambia mteja linapita kwanza masikioni mwake. Anakula kunizidi na hanenepi, jambo ambalo nimelisamehe mara kadhaa. Aliisoma ile kadibodi taratibu, uzi ukiwa mdomoni.

"Na sambusa?" akauliza. "Sijaona sambusa hapa."

Pale kwenye kona yetu kuna mama anayekaanga sambusa za nyama kila alasiri, na mimi ndiye mteja wake wa kwanza. Wateja watatu walikuwa dukani wakisikiliza. Damu ikanipanda, nikasema kwa sauti: "Wallahi, sambusa haiingii kinywani mwangu mpaka nisujudu chini."

Wifi akatoa uzi mdomoni. "Mi nimesikia," akasema. "Hata hawa wamesikia."

Watu wengine wakijiwekea malengo, wakishindwa wanajionea haya na yanaisha. Sisi tunaapa kwa jina la Mungu mbele ya wateja.

Kiapo changu kiliishi siku nne. Siku ya tano kulikuwa na akika, karamu ya kuzaliwa kwa mjukuu wa jirani, sinia la sambusa likapita, mkono wangu ukalifuata wakati mimi nikimsifu mtoto. Nilipogeuka nikamwona wifi ananitazama.

"Nilisahau," nikasema.

"Ya kwanza ulisahau. Na ya pili? Na ile iko mu mukono?"

Tulikwenda kwa sheikh pamoja, maana wifi alisema nikienda peke yangu nitaisimulia vibaya. Njiani nilikuwa na matumaini. Nilijua kiapo kikivunjwa kina kafara yake, na nilikuwa nimewahi kusikia habari ya kufunga siku tatu. Siku tatu bila chakula, nikajiambia, hata goti litashukuru. Sheikh alinisikiliza mpaka mwisho akichezea tasbihi yake, na nadhani alikuwa anajizuia kucheka.

"Kufunga ni kwa asiye na uwezo, mama," akasema. "We uko na duka. Lisha maskini kumi."

Kwa hiyo kosa langu la kula lilinirudisha jikoni. Nilipika sufuria kubwa ya pilau, na mpishi wa kweli hatoi chakula bila kuonja. Nikaonja chumvi, nikaonja nyama, nikaonja ukoko ili nijue kama umeungua. Watu kumi walikula, wakaniombea dua, wakaondoka. Wiki hiyo mizani ya duka la dawa ilionyesha nimeongezeka kilo moja. Wifi siku nzima alishona huku akiimba.

Jambo moja alilosema sheikh tulipokuwa tunaaga nililishika. Alisema: "Mara nyingine weka nia tu. Nia haina kafara."

Nikarudi kwenye kadibodi na nia yangu, ya sambusa ikiwamo, safari hii bila kiapo. Jumamosi ya kwanza nilifika daraja la Ntahangwa nikarudi. Anayeujua mji wetu anajua Jumamosi asubuhi barabara ni ya watu wa siporo. Wanakuja kwa vikundi vikundi, fulana za rangi moja, filimbi mbele, wanakimbia wakiimba. Kikundi kimoja kilinipita kikipanda, kikanipita tena kikishuka, na mimi nilikuwa sijamaliza ukuta ule ule. Mzee wao mmoja, mwenye mvi kichwa kizima, alinipigia makofi. Nilimchukia kwa dhati kabisa.

Jumamosi ya pili, wifi alikuwa mlangoni amevaa raba za mwanawe.

"Nani amekuita?" nikauliza.

"Hakuna mutu ameniita. Mi naenda kuona kama unafika."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Alikuwa anatangulia hatua kumi, anasimama, anageuka, anasema, "We uko unapanda ama uko unasubiri Gihosha ishuke?" Mimi, kwa ajili ya akili yangu, simjibu. Kumbe kutomjibu kulikuwa kunanipa pumzi, kwa hiyo lengo la tatu likaanza kuliburuta la kwanza. Mwezi wa pili tulifika kwenye kona ya vinyozi. Mwezi wa nne tulifika juu kabisa, tukakaa ukingoni mwa mtaro, mji chini yetu, ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo. Nilimjibu pale, maneno yote niliyoyaweka miezi minne. Alicheka mpaka akavua raba.

Ramadhani ikaingia na kiti bado ni changu. Nilipungua, viatu vyangu vilijua hilo, lakini kila nilipotaka kukisogeza kiti niliogopa. Niliogopa kushuka mbele za watu nikashindwa, halafu nijue kwamba ndiyo basi, maisha yangu yote yaliyobaki ni visigino.

Siku ya ishirini na tisa tulifuturu kwa wifi, wanawake sita wa mtaa. Tulifungua kwa tende, tukasali magharibi, mimi nikiwa kitini kama kawaida. Wenzangu wakamaliza sunna zao upesi wakakaa kuzunguka mkeka wa chakula. Nikatazama ukuta, nikatazama kiti. Nikakisukuma pembeni kwa mguu, nikanuia rakaa mbili zangu.

Rukuu haikuwa shida. Kisha nikashuka, goti likalia kama bawaba kavu ya mlango, na paji langu likagusa mkeka. Ulinuka ukindu na vumbi kidogo na mafuta ya nazi ya mtu aliyesujudu kabla yangu. Machozi yalinitoka pale pale. Sijda ya pili ya rakaa ya kwanza ilipokwisha nikataka kuinuka, nikakuta siinuki.

Nilibaki kule chini, paji mkekani. Nyuma yangu nikasikia mnong'ono, "Mashallah, ona unyenyekevu wake." Mwingine akasema uji unapoa lakini tumwache, huyu yuko mbali. Nikaweka kiganja cha kulia, kikateleza. Nikaweka vyote viwili, nikaita ile miguu ya Gihosha kona kwa kona, na mara ya tatu ikanisimamisha.

Nilipomaliza rakaa ya pili na kutoa salamu, wote walinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata mtaani kwetu, na sikuirudisha. Wifi peke yake hakuwa na heshima. Alinisogezea nafasi karibu yake, akaniinamia sikioni.

"Kule chini muda wote ule ulikuwa unaomba nini?"

"Nilikuwa naomba kusimama," nikasema.

Kisha akashika sinia la sambusa, akaliweka mbele yangu kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Basi imepokelewa," akasema. "Kula."