Kikombe cha Maji Mgongoni

Juzi, nikipita ukumbi wa kanisa kule Milimani, niliona wasichana wa jimnastiki wamejiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, kila mmoja na kikombe cha maji mgongoni. Nilisimama nikihofia vikombe visivyonihusu.

Nilipokuwa shuleni, sakafu ya ukumbi wetu ilinuka mafuta ya taa. Nilikuwa nimefanya mazoezi muhula mzima, nikitamani kuingia timu ya jimnastiki. "Kazeni tumbo," alisema Madam, kocha wetu, akituwekea vikombe vya maji mgongoni. "Nikitoa kikombe chako, shuka." Akavitoa kimoja kimoja hadi simu yake ikalia, akatoka nje. Changu kilibaki.

Wenzangu walikimbilia riboni za kuchezea. "Wewe, shuka, umesahaulika," Chebet akaniambia akicheka. Nilidhani ana wivu. Niliamini Madam ananichungulia dirishani, kwamba mimi pekee ndiye ninayepimwa. Tumbo lilitetemeka, nikasikiliza vicheko vyao huku nikitazama sakafu.

Leo najua Chebet alisema kweli.

Madam aliporudi alishtuka. "Kumbe bado uko hapo?"

"Hayajamwagika, Madam."

Alikitoa kikombe mgongoni mwangu. "Kwani unaitwa nani?"

Nilimtajia majina yangu yote matatu, polepole, nikidhani anayaandika kwenye orodha ya timu.