Mkono wa Kushoto na Kiti cha Wajapani

Kiharusi kilinipata jikoni, hapa Laeken, huku Ulaya, nikimenya kitunguu. Hakikuniua, hakikunipinda mdomo. Kilichukua mkono wa kushoto tu. Walionitembelea hospitali walisema, alhamdulillah, wa kulia umebaki, wa kulia ndio mkono. Niliwaacha waseme. Ni Waislamu kama mimi, na hakuna aliyekumbuka kwamba mkono wa kulia ni wa kula na kusalimia watu. Chooni kazi ni ya kushoto. Tangu utoto wangu Buyenzi, kule Bujumbura, mkono ule ndio ulionichamba, wenyewe na kopo la maji, na sikuwahi kuufikiria.

Nikarudi nyumbani. Asubuhi alikuja muuguzi na vile vikaratasi vyao vyenye unyevu. Saa zilizobaki alikuwa binti yangu. Mama yake alishakufa. Angekuwepo nisingeandika haya. Binti yangu anafanya usafi kwenye nyumba za watu Etterbeek, halafu akitoka huko anakuja kunisafisha mimi. Aliniambia, "Papa, ni kazi tu." Mimi nilitazama vigae mpaka amalize.

Kwa hiyo niliacha kula. Si kwa hasira. Kisichoingia hakitoki, basi. Chai, kipande cha mkate. Suruali ikaanza kunishuka. Kusali nako nikaacha, kwa sababu karatasi si maji. Najua mgonjwa ana ruhusa yake. Mimi sikuitaka hiyo ruhusa. Nilikaa dirishani nikiangalia tramu zinapita, na zipite zisipite kwangu ilikuwa sawa.

Siku moja binti yangu aliweka sahani ya wali na maharage mbele yangu, akasimama palepale.

"Papa, unajiua."

"Sina njaa."

"Njaa unayo. Unaogopa choo."

Akakaa chini, akaniambia habari za Wajapani anaowafanyia usafi, mume na mke, watu wazima, wanaojiandaa kurudi kwao. Chooni kwao wana kiti cha umeme kinachorusha maji chenyewe, ya uvuguvugu, kisha kinakukausha kwa hewa. Unabonyeza kwa kidole kimoja. Yule mama amesema watatuachia.

"Nikae penye makalio ya mtu mwingine?"

"Papa, wewe umeuza magari ya mtumba maisha yako yote. Kuna siku uliuliza nani alikalia siti?"

Niliyauza, ndiyo. Shule niliiacha darasa la tatu, na nyumba yangu ya Bujumbura ni magari ya Kijapani yaliyoijenga. Nimefungua injini zao nyingi kwa mikono hii. Ukitaka kufika kwenye bolti, unakuta aliyechora injini ameacha nafasi mkono wa fundi uingie. Nyingine za huku Ulaya unachubuka vidole mpaka unamtukana mama wa aliyeitengeneza. Mjapani alikukumbuka kabla hajakujua. Hilo ndilo nililowaheshimia, si mambo ya maroboti. Lakini sikuwahi kuwaza kwamba kuna mmoja wao alikaa ofisini na tai yake shingoni, akafikiria haja ya mtu mzima bila kucheka, akapima maji yatokee upande gani.

Walikileta wenyewe Jumapili, kimefungwa kwenye kitambaa kizuri kama zawadi ya harusi. Mke aliomba radhi kwamba ni kitu kilichotumika. Alikuwa amekisugua mpaka kinang'aa. Mlangoni walivua viatu bila kuambiwa, kisha yule mama akavigeuza vyote vielekee nje, na vyangu pia. Mume, kabla ya kuletwa ofisi za huku, alikuwa mtu wa reli kwao. Alipiga magoti kwenye choo changu, akafunga mpira wa maji, akachomeka waya. Alipomaliza akasimama wima. Akanyoosha kidole kwenye mpira, akatamka kitu kwa Kijapani, kwa sauti kubwa. Akanyoosha kwenye waya, akatamka. Kwenye nati, akatamka. Mimi nilijua ni dua. Kila aliponyamaza niliitikia, "Amin."

Binti yangu akaziba mdomo. "Papa, haombi! Anakagua."

Mjapani akataka kujua neno langu lina maana gani. Nikamwambia kwa Kifaransa changu cha sokoni: ni kukubali, na iwe hivyo. Akafikiri. Akasema kwenye reli ndivyo wanavyofanya, kwa sababu jicho peke yake huona lilichozoea kuona. Ukiliongezea kidole na mdomo linaamka. Na mwenzako akiwepo, aitikie. Halafu akarudi mwanzo, kwenye mpira wa maji, akatamka, akanigeukia, akangoja. Bon, sawa. Nikamwitikia moja moja mpaka nati ya mwisho, na yeye hakucheka.

Maandishi ya vitufe yalikuwa ya kwao. Mke akabandika karatasi ya kijani penye maji, nyekundu penye kusimamisha. Wakanywa chai, wakainama, wakaenda.

Nilimwambia binti yangu akae jikoni, afunge mlango. Nilikwenda nikishika ukuta. Nilipomaliza haja nikabonyeza kijani. Maji yakaja, pale pale yanapotakiwa. Nikangoja nisikie furaha, au hata aibu, maana kwa jambo kama hili nilidhani mtu lazima asikie kitu. Sikusikia. Yalikuwa maji ya uvuguvugu. Nikabonyeza nyekundu, nikapandisha suruali kwa mkono mmoja, ikachukua muda.

"Papa, nije?"

"Baki huko."

Akabaki. Nilimsikia anafunua sufuria, anafunika, anafunua tena.

Nikatawadha kwa shida, nikasali nimekaa kitandani. Nilikuwa safi. Zaidi ya hapo sina la kueleza.

Jioni nikamwambia apakue. Kulikuwa na ugali na sombe, majani ya muhogo. Akapakua kidogo, kama alivyozoea siku zile.

"Ongeza," nikasema.

Akaongeza bila kunitazama. Nikala polepole. Sombe ilikuwa imepungua chumvi na sikumwambia. Nilipomaliza nikamsogezea sahani, akaijaza tena.