Mtoto wa Jirani

Mwanzoni mwa mwaka 2015 nilikuwa Buffalo, nyumbani kwa binti yangu. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa nimekimbia kitu. Nilikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka Kasulu, niliyekatiwa tiketi na mkwe wangu nikaingia Marekani mwezi Januari, mwezi ambao hata wenyeji wanaukimbia. Wazee wa Buffalo wenye uwezo huenda kusini kuota jua. Mimi niliacha jua langu nikaja kukaa kwenye theluji, na kila aliyeniona alidhani lazima kuna sababu.

Sababu ilikuwepo. Binti yangu alikuwa mjamzito, ila hakuwa ameniambia. Niligundua asubuhi ya pili, alipodondosha kijiko jikoni. Hakuinamisha mgongo kukiokota, alipiga magoti taratibu huku ameshika meza. Nimezaa watano mimi, siwezi kufichwa jambo kama hilo kwa sweta. Nikaendelea kumenya viazi.

Kwetu mama hamuulizi bintiye habari za tumbo. Binti humwambia shangazi yake, kisha shangazi huja kwa mama na maneno ya kuzunguka, wanacheka, mambo yanakwisha. Basi nikampigia simu shangazi mtu Kasulu. Nilimuuliza habari za mvua, nikamuuliza habari za kwaya, nikanyamaza kidogo ili nimpe nafasi. Akaniambia panya wamemaliza mahindi yake. Nikajua naye hajaambiwa.

Lakini wengine walijua. Mama mmoja Mkongomani mwenye duka la vyakula Grant Street, siku ya kwanza nilipoingia kununua unga wa muhogo, aliniuliza, "Bon, mama, ulikuya kungojea mutoto, sivyo?" Nilimwambia nimekuja kutembea tu. Akanitazama, akaniongezea ndizi mbili kwenye mfuko, nadhani kwa huruma. Nilirudi nyumbani kwa miguu nimekasirika hata baridi sikuisikia.

Hasira ile haikuanzia pale dukani. Miaka mitatu nyuma, walipokuwa wakiishi Louisville, binti yangu alibeba mimba ikafika miezi saba, mtoto akafia tumboni. Sikuambiwa kwamba kuna mimba, na mtoto alipokufa sikuambiwa pia. Habari niliipata kwa wifi yake, dada wa mkwe wangu anayeishi Columbus, aliyenipigia simu wiki kadhaa baadaye akidhani najua. Alianza kwa kunipa pole. Nikamuuliza, pole ya nini? Ndivyo nilivyopata habari ya msiba wa mjukuu wangu wa kwanza. Binti yangu aliponipigia siku chache baadaye alisema, "Mama, yamepita," nami nikasema, "Haya." Lakini moyoni hayakuwa yamepita.

Kwa hiyo safari hii nilijiwekea sharti. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya Machi, ingawa pale uwanja wa ndege waligonga muhuri wa miezi sita, na kwa macho yangu mtoto angezaliwa kabla miezi hiyo haijaisha. Binti yangu akiniambia mwenyewe na kuniomba nibaki, nitabaki. Asiponiambia, Machi napanda ndege. Mtu mzima habembelezi kuambiwa habari za nyumba yake.

Februari wifi yule alikuja kutoka Columbus kwa siku chache za likizo. Ni Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi kwetu Kigoma, anafanya kazi ya kufunga mizigo kwenye ghala, na ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Hakupenda nilivyokuwa nakaa dirishani nikitazama watu wakizoa theluji kwa koleo.

"Mama, utarudi Kasulu bila kuona wanakonunua matajiri?" aliniuliza. "Watu watakuuliza Marekani uliona nini. Utawaambia uliona Grant Street?"

"Nitawaambia niliona baridi."

"Vaa koti, tunaondoka."

Mkwe wangu alikuwa amelala, ametoka shifti ya usiku kazini kule Lackawanna. Tukaondoka sisi wanawake watatu. Wifi aliendesha, mimi nikapewa kiti cha mbele kwa heshima ya umri, binti yangu akakaa nyuma na mto mdogo aliodai ni wa kuegemeza shingo. Alikuwa ameuweka kiunoni.

Tulikuwa tunakwenda mji mdogo kando ya Ziwa Erie, mwendo wa saa moja hivi, ambako matajiri wana nyumba za kiangazi. Ziwa lilipotokea, wifi alinionyesha kwa fahari kama vile amelichimba yeye. Nimekua nikipelekwa Kigoma kununua dagaa, maziwa nayafahamu. Hili lilikuwa limeganda na kuwa jeupe hadi upeo wa macho, na mtu mmoja alikuwa amekaa katikati yake juu ya ndoo, akivua samaki kwenye tundu. Nilimhurumia, kisha nikakumbuka hakuna aliyemlazimisha.

Mji wenyewe ulikuwa safi na mtupu. Nyumba kubwa za mbao zilikuwa zimefungwa mapazia, wenyewe wako Florida. Maduka yalikuwa wazi, na wauzaji walitupokea kwa furaha iliyozidi kiasi, nadhani kwa sababu tangu asubuhi hawakuwa wameona mtu. Katika duka la kwanza niliona kasia kuukuu lililokatika ncha, limepakwa rangi ya bluu, limetundikwa ukutani na bei yake. Chini yake kulikuwa na ndoo yenye kutu, nayo ina bei. Nilimuuliza wifi hiyo ndoo inafanya kazi gani, akaniambia haifanyi kazi, inapendeza. Yeye alikuwa akifungua mishumaa mmoja baada ya mwingine na kuinusa, na kila ukinukia alimletea binti yangu naye anuse. Binti yangu alikuwa akigeuza uso. Mjamzito umletee mshumaa wa mdalasini! Niliukamata mkono wa wifi, nikamwambia anitafutie kiti.

Duka la pili lilikuwa la viatu. Nje theluji imefika magotini, ndani wamepanga viatu vya wazi, kofia za jua na nguo nyepesi za kitani. Binti yangu alichagua jozi ya ngozi laini, akapiga magoti mbele yangu kwa ule uangalifu wake, akataka kunivalisha.

"Jaribu hivi, mama."

"Vya nini?"

"Vya jua."

"Vya jua ninavyo Kasulu."

"Hata huku jua linakuja. Juni hapa kuna joto, utashangaa."

"Juni nitakuwa kwangu."

Alivirudisha kwenye rafu, akavipanga vizuri kuliko alivyovikuta. Nilielewa kwamba ameniomba. Mtu angekuwa mjinga asielewe. Lakini nilitaka kuombwa kwa kinywa, kwa jambo lenyewe, siyo kwa viatu. Marehemu mama yangu alizoea kusema nina shingo ya ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani, na pale kwenye kile kiti cha kitambaa cheupe niliikaza shingo yangu nikatazama nje.

Ndipo wifi akatuingiza duka la watoto. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Amekaa Marekani muda mrefu na amezoea desturi ya kumfanyia mama sherehe ya zawadi mtoto akiwa bado tumboni. Kwetu mtoto ambaye hajazaliwa hanunuliwi kitu. Anapokelewa kwa kanga kuukuu ya mama yake, na nguo zinafuata akishalia na watu wakamsikia. Wifi analijua hilo vizuri, hata kambini walilifuata. Lakini aliona kofia ya sufu ya njano, ndogo, inayoweza kukaa juu ya ngumi, akaipeleka mezani kwa mwenye duka kabla hatujamzuia.

Mle ndani mlikuwa na joto la tanuri. Binti yangu alikuwa amefungua koti. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliitazama kofia, akamtazama binti yangu kuanzia kifuani kushuka, akatabasamu na kusema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kujaza duka zima, "Hongera! Unajifungua lini?"

Mkono wa binti yangu ulikwenda tumboni, ukarudi haraka kama umegusa moto. Uso wake ulibadilika. Niliuona woga, siyo aibu. Ule ulikuwa woga wa mtu aliyesikia jina la mwanawe likiitwa gizani. Maneno ambayo nyumba nzima ilikuwa imeyabana kwa wiki nyingi, mtu asiyemjua alikuwa ameyamwaga juu ya meza, mbele yangu, na kofia ipo pale.

Kiingereza changu ni cha ubaoni, lakini kipo. Nilisogea mbele.

"Hapana, mama," nilimwambia. "Kofia ni ya mtoto wa jirani. Huyu ni binti yangu, amenenepa tu. Anapenda sana kula."

Yule mama aliiva uso hadi masikioni. Baadaye wifi alinieleza kwamba kwa Wamarekani hakuna kosa kubwa kama kumwambia mwanamke mnene kuwa ana mimba. Aliomba radhi, akaomba tena, akazunguka meza akamshika binti yangu mikono yote miwili, kisha akanitilia mimi kwenye mfuko kipande cha sabuni ya maua bila malipo. Wifi alikuwa anatazama dari. Mabega yalikuwa yanamtetemeka kwa kicheko. Kofia tuliiacha pale pale.

Tulirudi kwenye gari. Wifi akawasha joto, akasema anakwenda kutafuta kahawa, akaondoka pasipo kuuliza nani anataka. Ana akili kuliko kelele zake. Nilihamia kiti cha nyuma nikakaa na binti yangu. Mbele yetu kulikuwa na ukuta mfupi wa mawe na ziwa.

"Kumbe ulikuwa unajua," alisema.

"Nina watoto watano."

"Mbona hukuniuliza?"

"Mbona hukuniambia?" Nilisikia sauti yangu ikipanda, nikaiacha ipande. "Hii hukuniambia, na ya Louisville hukuniambia. Nimeambiwa na wifi yako kwa simu, kwa bahati mbaya. Mama wa dukani Grant Street anajua habari za tumbo lako, mimi niliyekuzaa nanunuliwa viatu. Nimekukosea nini?"

Alikuwa anafuta kioo cha dirisha kwa kidole, kinaziba tena kwa mvuke.

"Alikuwa wa kike," alisema. "Walimweka kifuani kwangu. Halafu akaja mtu wa hospitali akatuuliza jina, kwa sababu atazikwa na lazima aandikwe. Mume wangu akasema kwao Burundi kila mtoto anapata jina lake mwenyewe. Mimi nikasema kwetu wa kwanza wa kike anaitwa bibi yake. Nikampa lako. Yote mawili, mama, la ubatizo na la nyumbani. Kuna kijiwe cha kaburi kimelala kwenye majani, na wewe umeandikwa pale."

Alifuta kioo tena.

"Nilishika simu mara nyingi. Ningekuambiaje? Uko hai Kasulu unafundisha watoto, mimi nikuambie nimekuzika Louisville?"

Nasema ukweli, nilihisi ubaridi umenipanda miguuni hadi tumboni, na haukuwa wa Buffalo. Kuna watu wanaoamini kwamba jina la mtu aliye hai likishaandikwa kaburini haliwezi kukaa bure, litamdai mwenyewe. Mimi ni Mkristo na nimesoma, sikuwahi kudhani ni mmoja wao. Kisha ule ubaridi ukashuka, nikamwona mwanangu tu. Kwa miaka mitatu alikuwa ameubeba msiba wake peke yake, na juu yake amenibeba na mimi, ili nisiogope.

Nililia. Naye akalia, akaniegemea, na mto wake ukaanguka chini tukauacha. Sikukumbuka sharti langu wala tiketi. Hakuwa ameniomba nibaki, na mpaka leo hajaniomba.

Wifi alirudi na vikombe vitatu, akafungua mlango, akatutazama, akataka kuufunga tena. Nilimwambia aingie, baridi inaingia. Kisha nikamgeukia binti yangu.

"Kwanza tuzae," nilimwambia. "Halafu mtanipeleka Louisville nikamwone."