Bolti za Kaburi la Apolonia

Kufa hakukumtisha sana Sosthenes Kalinga. Kilichomtisha ni kibao kuanguka.

Kibao chenyewe kilikuwa cha alumini, upana wa sahani ya mtu mmoja, kimechongwa jina la mkewe, Apolonia, na miaka yake miwili, wa kuja na wa kuondoka. Kilifungwa kwenye msalaba wa mninga katika makaburi ya Wakatoliki pale Mafinga, ambako ukungu huingia jioni bila kubisha hodi na kuondoka asubuhi ukipenda wenyewe. Kwa unyevu ule bolti ya chuma haina maisha. Mwaka wa pili tu tangu mazishi bolti zilikatika kwa kutu na kibao kikalala kwenye majani. Akafunga nyingine. Baada ya miaka miwili zikakatika tena.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Yeye na Apolonia hawakujaliwa mtoto. Umri ulikuwa unakaribia sitini na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua kila kipupwe. Akajiuliza, siku akilala yeye pembeni ya mkewe, nani atakuja na spana? Jina la Apolonia lingeozea kwenye majani na watu wangepita juu yake wakienda kuzika wengine.

Mtu wa kumwomba alikuwepo, tena mmoja tu: Faustina, mdogo wake Apolonia, aliyeishi mtaa wa pili. Lakini Sosthenes alikuwa ameshaliharibu jambo hilo kwa mikono yake mwenyewe. Mafinga, kabla ya Novemba mbili, siku ya kuwaombea marehemu, kila familia husugua makaburi yake kwa mchanga na majivu mpaka yang'ae, maana padri atapita na maji ya baraka na kaburi chafu ni aibu ya walio hai. Mwaka wa kwanza wa msiba Faustina alitangulia siku moja, akasafisha, akapanda maua. Sosthenes alipofika akaona mstari wa maua umepinda. Akayang'oa yote, akavuta kamba, akayapanda upya yakiwa yamenyooka, na shemeji yake amesimama pale pale akimtazama. Hakumtukana wala hakufoka. Alisema tu kwamba kazi hii ni yake. Faustina akachukua ndoo yake akaenda, na tangu siku hiyo hakuonekana tena kwenye lile kaburi. Salamu zao zikabaki za barabarani, "kamwene, kamwene", kila mtu na njia yake.

Ndivyo alivyokuwa. Miaka thelathini na mbili alikuwa fundi wa mashine za kupasulia mbao, na kila Jumamosi msumeno ukisimamishwa, alifungua bolti moja moja, akazisugua kwa brashi ya waya mpaka zikacheka, akazipaka grisi na kuzikaza upya. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa. Mashine zake hazikuwahi kufa, na marafiki hakuwahi kuwa nao wengi.

Basi mwaka huo alipanda basi hadi Mbalizi kwa Gideoni, mwenzake wa zamani wa karakana, ambaye siku hizi alikuwa akitengeneza ndege ndogo. Akamweleza shida yake bila kuficha kitu. Gideoni hakucheka. Aliingia ndani akatoka na bolti nne na nati zake, nyepesi kama maganda ya njugu, zimefunikwa na utando wa rangi ya dhahabu iliyofifia. Alisema ni titaniamu, metali isiyoshika kutu, za kwenye ubawa wa ndege, na kwamba zitatuzika sisi sote, na wajukuu wa wengine pia. Kisha akasema neno moja zaidi: ule utando asiuguse. Sosthenes aliitikia akiwa tayari anazipima kwa kidole.

Sikio la kufa halisikii dawa. Novemba ya kwanza alivumilia. Ya pili akaona makaburi ya jirani yanang'aa na bolti zake zimefubaa kwa vumbi na ukungu, na fundi mzima akashindwa kujizuia. Alizifungua zote nne, akazisugua kwa majivu na brashi ya waya, kichwa na shina, mpaka ule udhahabu ukaisha na chini yake ukatoka weupe safi wa kupendeza. Hapakuwa na chembe ya kutu. Siku hiyo alikaa pale mpaka ukungu ukamfunika, akimsimulia Apolonia habari za bolti za ndege. Alifurahi kweli, na hakuwa na mwingine wa kumwambia.

Akafanya hivyo kila mwaka. Kila mwaka pia alikuta unga mweupe umezunguka matundu ya kibao, akaufuta kwa kitambaa akidhani ni vumbi la chokaa. Matundu yakaanza kulegea. Akakaza zaidi.

Mwaka jana, mwishoni mwa Oktoba, alifika na ndoo yake akakuta msalaba uko wima na bolti nne zimesimama juu yake, imara, zinang'aa kama siku ya kwanza. Hazikuwa zimeshika kitu. Kibao kilikuwa chini, pembe zake nne zimelika, na herufi mbili za mwisho za jina la mkewe zimekwenda na pembe.

Alipiga picha kwa simu, akamtumia Gideoni. Gideoni akapiga saa hiyo hiyo. Swali lake la kwanza lilikuwa kama aliukwangua ule utando. Sosthenes akamtajia majivu na brashi ya waya.

"Mzee mwenzangu," Gideoni akasema, "titaniamu ikigusana na alumini kwenye maji, yenyewe haiumii. Inamla mwenzake. Ule utando ndio uliokuwa unawatenganisha. Bolti yako haina kosa, ni ngumu mno tu kwa aliye karibu nayo."

Alishukuru, akakata simu. Alikaa juu ya saruji ya kaburi, kile kibao mapajani. Pale ndipo alipolia, mzee wa miaka sitini na saba, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alilia kwa ajili ya zile herufi mbili, halafu akajikuta analia kwa ajili ya maua aliyoyang'oa.

Siku iliyofuata alichongesha kibao kipya. Yule mchongaji akamwuliza bolti anazo, akajibu kwamba anazo nzuri sana nyumbani, na kwamba hazifai. Akaingia duka la vifaa akanunua bolti za chuma za kawaida, nane. Kisha akaenda mtaa wa pili, akasimama mlangoni kwa Faustina kofia mkononi. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalimtoroka. Alichoweza ni kumwonyesha kibao kilicholiwa na kumwomba waende wote.

Faustina alikitazama kibao, akapitisha kidole pale jina la dada yake lilipokatika. Kisha akaenda kuchukua kitenge na ndoo.

Makaburini Sosthenes alimkabidhi spana. Mama wa watu akaishika kama mtu anavyoshika mtoto wa jirani.

"Funga wewe, shemeji," Sosthenes akasema.

"Mimi sijui hizi kazi zako."

"Nitashikilia kibao."

Faustina akafunga, polepole, nati ikimponyoka mara mbili kwenye majani. Ya nne ilipokazwa, Sosthenes akatoa mfukoni zile bolti nne zilizobaki, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, akamwekea kiganjani.

"Hizi za chuma zitaoza," akasema. "Miaka miwili, mitatu haitafika. Mimi nikiwa sipo, utakuja kuzibadilisha?"

"Nitakuja," akasema Faustina. "Na wewe ukiwepo nitakuja."

Akalitia gazeti kwenye pindo la kitenge, akafunga fundo. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka. Sosthenes alirudi nyuma hatua tatu, kama alivyozoea, akakagua kazi. Kibao kilikuwa kimepinda, upande wa kushoto umeshuka kwa upana wa kidole kizima. Spana ilikuwa pale kwenye saruji, karibu na mguu wake.

Akaichukua, akaitia kwenye ndoo ya Faustina, wakaondoka.